Plasta Zilikuwa Mbele Yangu

Hotuba kwa wauguzi na wakunga, Siku ya Wauguzi Duniani, Mei 12. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Salamu tu ndizo nimezifupisha.

Mgeni rasmi, matroni wetu, walimu wangu mlioketi hapa mbele, wauguzi na wakunga wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa dakika 20 nizungumzie teknolojia na msongo wa mawazo kwa mtumishi wa afya. Naomba nianze na plasta.

Humu ndani hakuna asiyejua tunavyofanya kabla ya kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia maji na dawa mshipani. Unakata vipande vitatu vinne vya plasta, unavibandika kwa ncha kwenye ukingo wa trei, vinaning'inia pale vikikusubiri. Mshipa ukishapatikana, mkono mmoja unashikilia kanula, mwingine unachukua plasta bila kutafuta. Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa zamu wodi ya watoto. Tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda zaidi ya 30. Kwenye saa nane akaletwa mtoto wa miaka minne aliyemwagikiwa uji wa moto kifuani na tumboni. Mama yake alikuwa amemfunika khanga, na khanga ilikuwa imegandia. Mtoto analia, mama analia, na bibi mmoja wa kitanda cha pembeni anasoma dua kwa sauti.

Nikakata plasta zangu, nikazibandika. Mshipa wa kwanza ulinikimbia. Wa pili nikaupata, damu ikarudi vizuri kwenye kanula. Nikainua macho nichukue plasta, sikuziona. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua kuwa ni yangu, "Plasta ziko wapi? Nani kachukua plasta?" Mwenzangu hakunijibu. Alinyoosha kidole tu. Zilikuwa palepale nilipoziweka, hazizidi shubiri moja kutoka mkononi mwangu, vipande vinne, vyeupe, chini ya taa.

Mtoto yule alipata maji, akapona. Mimi nilibaki na aibu ambayo sikumsimulia mtu kwa muda mrefu. Nilijiambia ni uzembe, ni usingizi, ni uchanga wa kazi. Miaka ikapita ndipo nikaja kusoma kwamba lililonipata lina maelezo, na kwamba kuna watu wamelitengenezea mazoezi. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi, walichapisha kazi waliyoifanya na wakufunzi wa polisi. Walikuwa wakufunzi 9 tu, wote wanaume. Polisi wa nchi nyingi hufundishwa kupumua polepole ili wasipoteze akili mbele ya hatari, na kwa kawaida mafunzo hayo hufanyika darasani. Unakaa kwenye kiti, unatazama mchoro wa moyo wako kwenye kompyuta, unapumua taratibu, mchoro unatulia, kila mtu anafurahi. Kisha askari anatoka, anakutana na mtu mwenye kisu gizani, na yote aliyojifunza yanabaki kwenye kile kiti.

Wale watafiti waliamua kuipeleka pumzi kwenye purukushani yenyewe. Wakatengeneza mchezo wa uhalisia pepe. Unavaa miwani mikubwa inayofunika macho yote, unajikuta ndani ya dunia nyingine, ukigeuza kichwa nayo inageuka. Katika mchezo ule wanakutokea watu. Wengine ni wa kupigwa risasi na wengine ni wa kuachwa, na una nafasi ndogo sana ya kuamua. Wakati huohuo kifaa kinapima jinsi unavyopumua. Na hapa ndipo nilipoweka kitabu chini niliposoma mara ya kwanza: ukipumua haraka na juujuu, uwezo wako wa kuona pembeni ndani ya miwani unabanwa. Ukipumua polepole na kwa kina, pembeni panafunguka, unaona zaidi, unaamua vizuri zaidi.

Wenzangu, ule ulikuwa usiku wangu. Mtu alikuwa amekaa maabara Ulaya akachora plasta zangu.

Wakufunzi wale walicheza vipindi 10 katika wiki 4. Vipindi vingine walikuwa na huo mrejesho wa pumzi, vingine uliondolewa, kwa kupishana. Katika watu 9, watu 8 walionekana kuimudu pumzi yao vizuri zaidi katikati ya vurugu za mchezo, na mchezo wenyewe waliucheza vizuri zaidi. Na ustadi huo ulibaki hata katika vipindi ambavyo miwani haikuwaonyesha tena chochote kuhusu pumzi zao. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mashine ilikaa kimya na mwili ukaendelea kukumbuka.

Kitaalamu jambo hili huitwa bayofidibaki. Mimi napenda kusema mrejesho wa mwili, kwa sababu neno mrejesho tunalitumia kila siku: mwanafunzi anapewa mrejesho wa mtihani, mkunga anapewa mrejesho wa zamu. Hapa anayetoa mrejesho ni mwili wako. Kuna kitu kinaendelea ndani yako usichokiona, kifaa kinakitoa nje ukione au ukisikie, na ukishakiona unaweza kukigusa.

Sasa naomba tufanye jambo moja pamoja. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wako mwenyewe. Huu mnaupima kwa watu wengine kuanzia asubuhi hadi jioni. Leo jipime mwenyewe. Usihesabu mapigo ya dakika. Sikiliza nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo. Vuta hewa puani, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, nne. Itoe taratibu, kama unapooza chai kwenye kisosi, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena. Vuta. Toa. Tumbo ndilo linyanyuke, mabega yakae chini. Mara nyingine tatu, kimyakimya.

Naona nyuso za wanafunzi zimebadilika. Mmesikia? Hewa inapoingia mapigo yanakaribiana, hewa inapotoka yanaachana. Kwa sisi tuliokwisha kula chumvi huwa hafifu zaidi, kwa hiyo kama hukusikia vizuri usihofu, umri hulipunguza jambo hili. Lakini vijana wenye afya hulisikia waziwazi. Mjerumani Carl Ludwig alilieleza mwaka 1847, kabla ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kuwapo.

Linaletwa hasa na neva ya vegasi. Inashuka kutoka shina la ubongo, inapita shingoni, inagusa moyo, mapafu, tumbo na matumbo. Moyo ni gari na vegasi ni breki yake. Unapovuta hewa breki inalegea kidogo, unapotoa inakanyagwa. Mwaka 1921 Otto Loewi, kule Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya chura. Akausisimua mmoja kupitia neva ya vegasi hadi ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamwagia ule wa pili, ambao haukuguswa. Nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva inazungumza na moyo kwa kemikali! Kemikali hiyo ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipata tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Ninyi mnaijua kwa upande wa pili: mgonjwa mapigo yakishuka mno, daktari anaagiza atropini, na atropini kazi yake ni kuizibia asetilikolini njia. Kwa hiyo unapotoa pumzi taratibu unatumia mlango uleule wa dawa mnayoivuta kwenye bomba la sindano, ila unaingia kwa kuelekea upande mwingine.

Kwa nini nimewapa hesabu ya 4 na 6? Ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20, na mmeandika hivyo kwenye chati mara nyingi mno. Ndani ya mshipa mkubwa utokao moyoni na ile ya shingoni kuna vihisi vya presha. Presha ikipanda vinaiambia breki ikanyage, ikishuka vinaiambia iachie. Mzunguko huo wa kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 10. Ukipumua kwa mwendo huohuo, kila pumzi inausukuma mzunguko pale unapotaka kwenda wenyewe, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, mkono mdogo tu unampeleka juu. Mrusi Evgeny Vaschillo na Mmarekani Paul Lehrer walilifanyia kazi kwa miaka mingi wakakuta kila mtu ana mwendo wake, wengi wakiangukia kati ya pumzi 4.5 na 7 kwa dakika. Kifaa kizuri kinakusaidia kuutafuta wa kwako.

Hapa naomba nisahihishe kosa letu la kila siku. Mgonjwa akipaniki tunamwambia, "Vuta pumzi ndefu! Vuta! Vuta tena!" Naye anavuta, anavuta, anatoa haraka, anavuta. Anafukuza kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, kizunguzungu kinaanza, vidole na midomo vinakufa ganzi, hofu inaongezeka maradufu, na sisi tunasema mgonjwa huyu hasikii. Anasikia sana. Tumemwambia nusu ya maneno. Mwambie atoe, na atoe polepole, kuvuta kutakuja kwenyewe. Wakunga wamelijua hili tangu zamani. Mkunga mzee aliyenifundisha leba hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa anamshika mama mkono, anamtazama machoni, anapuliza hewa mwenyewe kwa sauti, fuuuu, mpaka mama anafuata mwendo wake. Ule nao ulikuwa mrejesho, ila uso wa mtu ndio uliokuwa kioo.

Na lugha yetu inalijua. Pumzi, kupumua, kupumzika: ni mzizi mmoja. Mswahili akitaka kusema mtu ameacha kazi akakaa, anamwambia amepumzika. Hofu ikimtoka mtu tunasema ameshusha pumzi. Hatusemi amepandisha.

Bibi yangu mzaa mama, Pangani, alikuwa akimaliza swala ya Alfajiri anabaki juu ya mkeka na tasbihi, punje moja moja, na hakuna mtu aliyethubutu kumsemesha mpaka amemaliza. Jirani yake wa Kikristo alikuwa na rozari. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake, waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakikariri mantra ya watu wa yoga. Yote mawili yaliwashusha hadi karibu pumzi 6 kwa dakika, na mizunguko ya moyo na presha ikaoana. Tasbihi ya bibi haikuwamo kwenye utafiti ule, nami siwezi kuidai. Wala sisemi kwamba sala ni mazoezi ya mapafu. Aliyekaa juu ya ule mkeka alikuwa na shughuli kubwa kuliko hiyo. Nasema tu kwamba nilipoisoma ile namba 6, nilisikia punje zikigongana.

Nirudi kwenye miwani, maana kuna mkanganyiko nataka niuondoe. Miwani hii imetumika hospitali kwa namna mbili zinazotofautiana sana, na vyombo vya habari huzichanganya.

Namna ya kwanza ni ya kumtoa mgonjwa mahali alipo. Katika miaka ya 1990, Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson walianza kuwavalisha miwani wagonjwa walioungua wakati wa kusafishwa vidonda. Waliwatengenezea dunia ya barafu inayoitwa SnowWorld: mgonjwa anapita kwenye bonde jeupe akirusha matonge ya theluji, huku nesi anabandua bandeji. Waliohusika walisema maumivu yanapungua. Akili ya binadamu haina macho ya kutosha kutazama kila kitu, na maumivu yanahitaji kutazamwa. Ninyi mliowahi kumsafisha mtoto aliyeungua, mkamshika watu watatu huku anawaita kwa majina yenu, mnajua ni kwa nini nilipoona picha ya mtoto amekaa wima ametulia ndani ya ile miwani nilitokwa na machozi.

Namna ya pili inakwenda upande wa pili kabisa. Haikutoi mwilini, inakurudisha. Mfano ni mchezo uitwao DEEP, uliobuniwa na Owen Harris wa Ireland pamoja na Niki Smit wa Uholanzi. Harris alianza kwa kujitafutia mwenyewe mahali pa kutulia, kwa sababu wasiwasi ulikuwa ukimsumbua. Unakuwa chini ya bahari, umefungwa mkanda kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na kinachokusogeza ni pumzi yako. Watafiti wa hukohuko Nijmegen wameutumia kwa watoto wenye wasiwasi.

Mimi nimewahi kuvaa kifaa cha namna hiyo, kwenye mafunzo, mara mbili. Niwaambie ukweli wake. Sponji ya miwani ilikuwa bado na joto la aliyenitangulia na harufu ya mafuta ya nywele zake. Mkanda ulinibana kidogo chini ya mbavu. Kisha giza, kisha buluu, na mbele yangu duara la mwanga ambalo lilitakiwa kutanuka nikivuta na kusinyaa nikitoa. Duara halikusogea. Nikafikiri kifaa kibovu. Nikamwambia mwalimu, "Haifanyi kazi." Akaniambia kwa upole sana, "Dada, hujapumua tangu ukae."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeikata pumzi, kwa kutaka kufanya vizuri mbele ya watu. Na ndani ya ile buluu, nikiwa nimeketi sehemu salama kabisa, nikakumbuka jinsi ninavyoweka kanula. Nainama, nauona mshipa, nakata pumzi, naingiza. Siku zote. Usiku ule wa uji niliikata pumzi kwenye mshipa wa kwanza, nikaikata kwenye wa pili, na sidhani kama kati yake nilivuta hewa ya maana.

Nyoosheni mikono, tafadhali, wale mnaokata pumzi mnapoingiza sindano. Msione haya. Tazameni wenyewe: zaidi ya nusu ya ukumbi.

Basi kwangu mimi thamani ya kifaa iko kwenye lile duara lililogoma kusogea. Bahari ni nzuri, samaki ni wazuri, rangi zinapendeza, lakini mandhari hata dirisha linayo. Hakuna mtu mwingine maishani mwangu aliyewahi kunionyesha kwamba sipumui wakati ninapoihitaji pumzi zaidi.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Wakufunzi wa polisi 9 ni wachache, na hakuna mtu anayeweza kuandika mwongozo wa taifa kwa watu 9. Kwa upande wa wagonjwa ushahidi ni mpana zaidi mahali pengine: Novemba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu programu ya miwani kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, ya kutumiwa nyumbani kwa wiki 8, na moja ya vitu vilivyomo ni mazoezi ya pumzi, kuna kifaa kinachoielekeza pumzi ya mgonjwa kwenye kinasa sauti cha miwani. Ilipimwa kwa watu 179. Waliosema maumivu yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30 walikuwa asilimia 66 kwa waliotumia programu, na asilimia 41 kwa waliopewa miwani yenye picha za kawaida. Someni namba zote mbili. Hao asilimia 41 nao walipata nafuu, na hawakupata mafunzo yale.

Kuna watu wanaotapika ndani ya miwani, kwa sababu macho yanasema tunakwenda na sikio la ndani linasema tumekaa. Mwenye kifafa asivalishwe bila daktari kujua. Na sponji ile niliyowaambia ina joto la mwenzako: wodini, kati ya mgonjwa na mgonjwa, nani ataisafisha, na kwa dawa gani? Hilo liulizwe siku kifaa kinapoletwa, kabla hakijapigwa picha na wageni.

Na lipo linaloniuma zaidi. Natamani mgeni rasmi anisikilize kwa moyo mwema. Usiku ule tulikuwa wawili. Mwenzangu alipoacha kitanda chake kuja kunionyesha plasta, kitanda chake kilibaki peke yake. Nimesoma juu ya waajiri, ng'ambo na hata jirani, wanaomletea mtumishi aliyechoka programu ya kupumua kwenye simu, kisha zamu inabaki vilevile. Sitakubali pumzi yangu itumike hivyo. Ukinifundisha kutulia ili nimwone mtoto vizuri, nakushukuru. Ukinifundisha kutulia ili nisiulize kwa nini tuko wawili kwa watoto 30, hapo umeiba kitu cha Mungu ukakitia kwenye bajeti. Msongo mwingine ni taarifa sahihi. Mwili unakwambia mzigo ni mkubwa, na kweli mzigo ni mkubwa.

Sasa, tutafanya nini sisi wa hapa, tusio na miwani wala mkanda?

Wakunga mnakumbuka mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yale ya Dakika ya Dhahabu, dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Yule mdoli anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto, ukiminya kibofu kimoja kitovu kinapiga, ukiminya kingine kifua kinapanda. Ukishamshika kichwa kinaanguka nyuma kama cha mtoto kweli, na mikono yako inasahau kwamba ni mdoli. Mafunzo hayo yalipofanyiwa kazi katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, chini ya Georgina Msemo, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Mdoli, begi na barakoa ya kumpulizia mtoto hewa, na kurudiarudia. Hakukuwa na umeme hata kidogo ndani yake.

Hiyo kwangu ni miwani yetu. Yule mdoli anaweza kukuweka ndani ya dakika ngumu bila mtu kufa. Kilichopungua ni mrejesho wa anayemhudumia. Tunamtazama mdoli kama kifua kimepanda. Hatumtazami mkunga kama kifua chake kimepanda. Ninachopendekeza ni hiki: kwenye kila zoezi, mtu mmoja asimame pembeni na kazi yake iwe moja tu, kutazama mabega na tumbo la anayefanya. Akiona pumzi imekatika aseme neno moja, "Toa." Kidole cha mkono usiotumika, au hata cha mguu, kinaweza kuvishwa oksimita, kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni na mapigo, mapigo yaonekane kabla, katikati na baada. Mara ya kwanza tufanye kwa utulivu. Mara ya pili tuweke redio juu, mtu apige kelele, mwingine ajifanye ndugu wa mgonjwa anayegombana mlangoni. Mara ya tatu anayetazama akae kimya kabisa, asiseme "Toa," tuone kama mwili umekumbuka. Hivyo ndivyo walivyofanya wale wa Nijmegen: waliweka mrejesho, wakauondoa, wakaangalia kilichobaki.

Na wakati wa kuweka kanula, mimi siku hizi nina utaratibu mdogo. Nikishafunga mkanda wa kusimamisha mshipa na kupaka spiriti, natoa pumzi moja ndefu mpaka iishe. Spiriti inaendelea kukauka ndani ya muda huohuo, haipotei hata sekunde moja. Halafu naingiza sindano nikiwa natoa pumzi nyingine. Wanafunzi niliowafundisha wanadhani ni sehemu ya utaratibu wa usafi, na sijawasahihisha.

Sijasema ninaziona plasta kila mara. Mwezi uliopita tu alikuja kijana wa bodaboda, damu nyingi, na nilijikuta nimeinua mabega hadi masikioni. Ila safari hii nililijua. Nikatoa hewa, nikasikia mabega yanashuka, na nikaona trei yote: mkasi, gozi, chupa ya maji, na mama yake kijana amesimama mlangoni na viatu vya mwanawe mkononi. Yule mama nisingemwona. Nikamwambia mwanafunzi, mletee kiti.

Matroni ametukubalia chumba cha mazoezi Alhamisi, saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi ikishakabidhi. Mdoli yupo, begi na barakoa vipo, oksimita mbili nitakuja nazo mimi. Tunahitaji watu 6 wa kuanza nao, na ningependa wawili wawe wa wodi ya watoto. Nitakaa hapa mlangoni na daftari mnapotoka.

Asanteni kwa kunisikiliza.